Msonobari Mgonjwa Kwenye Benchi la Mbele

Msonobari ulianza kununa kabla mvua za Juni hazijakolea. Mitsue Ayata aliliona hilo asubuhi, mpira wa maji mkononi. Sindano za tawi la chini, yale majani yake membamba, zilikuwa zimepoteza ule ukijani wao mzito, zimebaki na rangi ya chai iliyozidishiwa maji. Akafunga bomba na kuchuchumaa.

Mti mwingine angeupita. Pale Kinashi, kitongoji cha Japani kinachoishi kwa miti ya vyunguni, kila ua una misonobari yake, na kila mti una siku zake mbaya. Huu lakini baba mkwe wake aliuchimba shambani akiwa kijana, akaukunja kwa mikono yake, akamwachia mwanawe, na mwanawe alipokufa akamwachia mkewe. Ulikuwa mti wa Mitsue. Ila shemeji yake Kanji, kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa chama cha wakulima wa misonobari, alikuwa akiingia getini bila hodi na kuuita "mti wetu".

Mwezi wa tatu waliuhamisha chungu pamoja. Kanji alitaka chungu kifupi, bapa kama sinia, kwa sababu alikwisha kuwaahidi watu kwamba mti huo utasimama mbele kabisa kwenye maonyesho ya majira ya baridi.

"Mzee kama huyu ndani ya chungu kirefu ni bwana harusi aliyevaa mabuti ya shambani," alisema huku akikata mizizi.

"Imetosha, shemeji."

"Bado haijaingia."

"Basi chungu ndicho kidogo."

Kanji alicheka, akakata tena. Kisha wakapunguza na matawi, na mti ukaonekana mtanashati kuliko miaka yote. Mwezi wa tano, watu wa chama walipokuja kupiga picha ya kalenda, Kanji akatandika juu ya udongo ule ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe yenye unyevu, ukingo hadi ukingo, kama zulia. Picha ikapigwa. Zulia likabaki.

Sasa Mitsue alianza kuukagua mti. Alishika shina akalitikisa taratibu, maana mti usiofungwa barabara chunguni hukata mizizi yake michanga kila upepo ukivuma. Shina halikucheza. Akatandaza karatasi nyeupe chini ya tawi na kuligonga ili aone kama litaangusha utitiri. Lilidondosha vumbi tu. Akakwaruza gome la kijitawi kwa ukucha, akakuta kijani, ingawa kimefifia. Mwisho akachomeka kijiti cha mwanzi kwenye udongo, akakiacha, akaenda kumwagilia mingine. Aliporudi na kukichomoa kilikuwa kimelowa chapachapa, na hakuwa ameutilia maji tangu juzi. Akakinusa.

"Siku hizi unanusa vijiti?"

Alikuwa Fusa, jirani yake muuza tambi za udon, amesimama getini na bakuli lililofunikwa. Fusa ni mkubwa kwa Mitsue, na hakuna jambo mtaani lililowahi kumpita bila yeye kulisemea.

"Njoo unuse na wewe, dada."

Fusa akanusa, akakunja uso. "Kama kitambaa cha jikoni nilichokisahau kwenye ndoo."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Mizizi imebaki michache, haiwezi kunywa maji yote haya. Na hili zulia halitaki yakauke. Mti unazama."

"Zulia la mwenyekiti?"

"Zulia la mwenyekiti."

"Haya mama. Mimi nimeleta tambi tu, sikuona kitu," alisema Fusa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ili asipitwe na chochote, akafunua bakuli na kuanza kula mwenyewe.

Mitsue akaubandua ukoga wote kwa kisu, kipande kwa kipande, akautupa. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na unateleza. Kisha akaingiza kabari ya ubao chini ya ukingo mmoja wa chungu ili kilale upande na maji yachuruzike. Yalichuruzika muda mrefu.

Kanji aliwasili na mkasi wake mfukoni. Juni kwa watu wa Kinashi ni wakati wa kukata mishumaa, yale machipukizi marefu ya masika yaliyosimama wima kwenye kila ncha. Ukiyakata, mti hutoa mengine yenye sindano fupi, na ikifika baridi unakuwa nadhifu, tayari kutazamwa. Kwa mti wenye afya ni kazi ya kila mwaka. Kwa mti mgonjwa ni kumchukua mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo na kumwambia apande mlima.

Aliona chungu kimelala upande, hakina zulia, akasimama.

"Nani kauvua nguo mti wetu?"

"Mimi. Na mishumaa haikatwi mwaka huu, shemeji."

"Umeota usiku?"

"Utazame. Udongo umeoza kwa maji, na hili tawi linakwenda."

"Huo una njaa. Tia mbolea, kata mishumaa, utaamka. Tangu lini unanifundisha msonobari?"

"Sikufundishi. Nakukataza."

Fusa aliacha kutafuna.

Kanji hakupandisha sauti. Alieleza kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa, kwamba nafasi ya mbele kwenye maonyesho imekwisha kutengwa, kwamba baba yao aliitamani nafasi ile maisha yake yote asiipate, kwamba mdogo wake angekuwa hai asingebisha.

"Mdogo wako alibishana na wewe kila siku ya maisha yake," alisema Mitsue. "Alikuwa anakuja kubishia huku kwangu, wewe ukishaondoka. Mimi nimeamua kubisha ukiwapo."

"Basi naupakia kwenye gari. Nitaukata kwangu."

"Kwa nini kwako? Mkasi unao. Kata hapa, mbele yangu na mbele ya dada Fusa. Mmoja tu."

Kanji akautoa mkasi. Akachagua mshumaa wa juu kabisa, ule uliokuwa mnene kuliko yote, akaukata safi. Kipande kikaanguka. Wakalitazama jeraha.

Msonobari mzima ukikatwa mwezi wa sita hutoa utomvu papo hapo, tone linavimba na kung'aa kama jasho puani. Hapakutoka kitu. Kanji akainama, akavaa miwani, akasubiri. Akaligusa jeraha kwa kidole, akasugua kidole kwa gumba. Kilikuwa kikavu. Alikuwa amekata mishumaa tangu hajaota ndevu, na hapakuwa na haja ya mtu kumweleza alichokuwa anakitazama.

Akarudisha mkasi mfukoni.

"Hali ya hewa ya mwaka huu mbaya," alisema.

"Mbaya kwa mti mmoja tu," alisema Fusa ndani ya bakuli.

"Upeleke nyuma," Kanji akamwambia Mitsue. "Nyuma ya ghala. Watu wasiuone hivyo."

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanzia. Kila bustani ya Kinashi ina sehemu yake ya nyuma, yenye kivuli na unyevu, ambako mti ulioharibika hufichwa mpaka upone au ufe. Mingi hufa. Mitsue alikwisha kuisogeza huko miti ya kutosha kwa amri za wanaume wa nyumba ile, na mingi aliichoma yeye mwenyewe kama kuni.

"Nyuma hakuna jua wala upepo," alisema. "Mti uliozama haukaushwi gizani. Utakaa benchi la mbele, chini ya upenu. Pale mvua haiufikii na jua la asubuhi linaupata."

"Benchi la mbele linatazama barabara."

"Najua linakotazama."

"Mitsue. Lina jina la Ayata juu yake."

"Na mimi ni Ayata. Nimeipalilia hii bustani hadi magoti yanalia kama mlango. Kama jina linaona aibu, lifumbe macho."

Kanji akaondoka bila kuaga. Mitsue na Fusa wakaubeba mti hadi mbele, wakipumua kama ng'ombe na kutukanana njia nzima juu ya nani kalegeza mkono.

Kesho yake asubuhi benchi lilikuwa tupu. Mti ulikuwa nyuma ya ghala, umepangwa vizuri, kabari yake ikiwa imewekwa kando. Mitsue hakupiga simu. Alimwita Fusa, wakaurudisha. Siku iliyofuata ulikuwa nyuma tena.

"Mama, huyu shemeji yako atatuvunja viuno," alisema Fusa.

"Hatavunja."

Mitsue alileta waya wa shaba, ule mnene wa kukunjia matawi ya chini, na koleo. Akaupitisha chini ya chungu, kwenye mbao za benchi, akaukaza pembe zote. Kuutoa mti pale kungetaka mtu asimame barabarani mchana kweupe na kukata waya mbele ya macho ya majirani.

Wiki hizo watu walisimama sana getini. Mti ulikuwa kituko, umepinda kwenye kabari, upande mmoja una sindano ndefu zilizotimka, upande mwingine una tawi lililogeuka kahawia kabisa, ambalo Mitsue alilikata akaacha kisiki. Wakulima wa chama walipita kwa makundi.

"Hii ni nini?" aliuliza mmoja wao.

"Mti mgonjwa. Tuliukata mizizi kupita kiasi, tukauvisha zulia ukakosa pumzi. Karibu uusogelee."

"Na maonyesho?"

"Hautakwenda."

"Mwenyekiti anajua?"

"Muulize mwenyekiti."

Hakuna aliyemuuliza. Wawili walirudi makwao, na kabla ya jioni walionekana wakibandua ukoga kwenye vyungu vyao, wamegeuzia barabara migongo.

Kanji alikuja mwisho wa joto, baada ya usiku wa upepo mkali. Alisimama barabarani, si uani, akautazama mti muda mrefu. Mishumaa ilikuwa imefunguka, sindano zikarefuka bila adabu na kukolea kijani. Juu ya kisiki cha tawi lililokatwa, penye gome kuukuu, vichipukizi viwili vilikuwa vimetoboa. Mitsue, aliyekuwa dirishani, alimwona, akatoka na koleo mkononi, tayari kwa lolote.

Kanji aliushika waya, akauvuta, ukacheza.

"Umefunga kama mtu anayefunga mzigo wa nguo," alisema. "Upepo mwingine kama wa jana, chungu kiko chini. Lete koleo."

Mitsue alimtazama, kisha akampa. Kanji akakaza pembe ya kwanza, akahamia ya pili.

"Usikaze sana, shemeji. Utapasua chungu."

"Chungu hiki," alisema Kanji, "ni kidogo mno."

"Nilikwambia mwezi wa tatu."

"Shika huku," alisema, akaendelea kukaza.