Plastiki ya Buluu Jikoni kwa Mama Aimée

Mama Aimée amenichosha, na nasema hivyo kwa heshima yote. Wiki tatu nilihangaika jikoni mwake: makabati ya juu ya mbao za laminati nyeupe inayong'aa, ya chini nyeupe isiyong'aa ili alama za vidole zisionekane, na katikati mstari wa rangi ya mbao. Ni kazi bora niliyowahi kufanya hapa Likasi. Nani aliiona? Hakuna, kwa sababu alikataa kubandua ile plastiki ya buluu ya kiwandani inayofunika laminati.

"Mama, tuitoshe sasa, tuibandue," nilimwambia kila nilipopita.

"Papa Gauthier, frigo yangu iko na plastique yake tangu mutoto wangu Plamedi alizaliwa, na Plamedi iko na miaka kumi. Angaria. Iko mupya."

Plastiki ya friji hiyo ilikuwa imekunjamana, imejaa mafuta na makombo. Nikaenda zangu, roho ikiniuma.

Jumamosi kikundi cha sala kilikuja kwake. Mmoja wao, Mama Gertrude, anajenga nyumba mtaa wa Shituru na anatafuta fundi wa jikoni. Kazi hiyo niliitaka mno, nikaenda mapema kumsihi Mama Aimée. Akagoma, mpaka Mama Gertrude alipoingia akatazama huku na huku.

"Aimée, weye ulichagula buluu?"

Hilo lilimchoma Mama Aimée. "Papa Gauthier, tosha. Yote."

Nilibandua mlango mmoja mmoja, nimejaa furaha. Juu kulimeremeta. Chini kulitulia, rangi imepoa vizuri. Kisha mlango wa tatu wa chini ukatokea unang'aa peke yake kati ya wenzake. Chini ya plastiki mbao zote zilifanana, nami nilikuwa nimeukata kwenye ubao wa milango ya juu. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama Gertrude aliinama, akajitazama uso mlangoni, akajitengeneza kitambaa cha kichwa. Aliponyanyuka alinitazama mimi.

"Kazi yangu utafanya weye," alisema. "Lakini kwangu plastique utaitosha mbele ya kukata, hapana kisha kukata. Miye nikiwa pale, nione gani inang'aa."

Fundi yeyote anajua kwamba laminati ikikatwa bila plastiki yake inakwaruzika. Nililijua hilo vizuri kuliko wote mle ndani, na wiki tatu nzima nilikuwa nimeitukana plastiki ile.

"Ndiyo, mama," nikasema.