Walimpisha Shemeji

Utu uzima si dawa; kwa winga ni ugonjwa.

Kambi ya timu ilipoanza, shemeji yangu, mume wa dada na winga wetu mkongwe, aliwapita mabeki wote kama upepo. Kocha mkuu akanigeukia mimi, msaidizi wake.

"Mzee bado yumo! Tumwongezee mkataba?"

Sikuwa namtazama shemeji. Nilikuwa natazama miguu ya mabeki. Walikuwa wanampisha, kama mtu anavyompisha mkubwa wake mlangoni.

Nikamwita beki mgeni, asiyemjua yeyote pale. "Yule akikupita, funga virago."

Shemeji akaja, akanyang'anywa mpira. Akarudi, akaanguka kifudifudi. Safari iliyofuata alisimama tu, mikono magotini, akihema.

"Babu, nikuletee kiti?" beki akauliza.

Wale waliokuwa wakimpisha ndio waliocheka zaidi. Kocha akatikisa kichwa, na mkataba ukaishia hapo.

Jioni dada akanipigia simu, analia. "Umemvua nguo mume wangu mbele ya vijana! Muombe radhi."

"Wamuombe wao waliomdanganya kuwa bado ana mbio. Mimi siombi, dada. Leo wala kesho."