Miaka ya Mzee Randu

Mwalimu Nyale alianguka darasani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, chaki ikiwa bado mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Matanga yake hayajapoa, Idah, mke wa mdogo wake Kambi, naye akafariki, kwa sukari ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Na katika boma hilohilo, bara ya Gongoni, aliishi baba yao mkubwa, Mzee Randu, mwenye miaka themanini na sita, anayekwenda shambani bila fimbo. Watu wakaacha kuhesabu makaburi, wakaanza kuhesabu miaka yake.

Kadzo, binti yake wa mwisho, alipata habari hizo akiwa kazini Kilifi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti wa afya, akiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa maradhi gani. Alikuwa ameifanya kwa miaka tisa. Pengine hakuna mtu katika ukoo wao aliyejua kama yeye jinsi kifo kilivyobadili tabia. Zamani kiliwaandama watoto. Bibi yake mzaa baba, Kabibi, alizaa kumi na mmoja akazika saba, watatu kati yao kwa surua katika juma moja. Siku hizi Kadzo aliweza kumaliza vijiji viwili bila kuandika kifo cha mtoto hata mmoja. Aliokuwa akiwaandika sasa ni watu wazima walio na nguvu zao: presha, sukari, pikipiki. Wazee nao walikuwa wengi kuliko alivyopata kuwaona utotoni, na watu hawakuwa wamezoea.

Jumamosi alipofika nyumbani alimkuta babake amepaka kanta. Nywele zilikuwa nyeusi tititi, na rangi imechuruzika hadi sikioni.

"Shikamoo, baba. Nini tena hiki?"

"Marahaba. Hadiya wa dukani ndiye aliyeniambia nipake. Anasema mvi ndizo zinazowatia watu hasira."

Kadzo alitaka kucheka, akajizuia; alijua babake anaogopa nini. Mwaka uliopita, kijiji cha pili kutoka hapo, mzee wa rika lake aliyeitwa mchawi alikatwa mapanga akipalilia mahindi, na hadi leo hakuna aliyeshtakiwa.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, ukoo ukakaa kikao. Kambi ndiye aliyesema. Macho yake yalikuwa mekundu, na kila mara aliyatupa upande wa kaburi la mkewe.

"Dada Kadzo, wewe kazi yako ni kuhesabu wafu. Hebu tuhesabie na wa hapa. Vijana wawili katika miezi mitatu. Miaka yao imekwenda kwa nani?"

Kadzo alitoa karatasi ya hospitali. Akawasomea. Akawaeleza kwamba Nyale alikuwa na presha kwa muda mrefu bila kupimwa, na mshipa wa kichwani ukapasuka.

"Karatasi inasema mshipa umepasuka," Kambi akajibu polepole. "Haisemi nani kaupasua."

Kadzo akaanza tena, akataja chanjo, vyandarua, dawa. Akasema wazee wanaishi kwa sababu hizo, si kwa kumla mtu. Alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, kama ya mtoto anayesoma mbele ya wageni.

Ndipo Mzee Randu alipoomba aulizwe yeye.

"Mimi nilikuwa wa tano kuzaliwa," alisema. "Surua ilipoingia ikawachukua wawili walionitangulia na mmoja aliyenifuata. Nilikuwa nimelala mkeka mmoja nao. Mama yangu akanitazama akauliza, kwa nini huyu? Aliniuliza hivyo hadi anakufa. Nanyi leo mnaniuliza. Wanangu, ningekuwa najua ningewaambia."

Mama mmoja akaanza kulia. Lakini Kambi alisema mganga ataitwa Ijumaa, na kama mzee hana neno, hana haja ya kuogopa.

Jumatatu Kadzo alikwenda kwa naibu wa chifu, Bwana Gerishom. Naibu alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia.

"Dada, sina askari wa kumlinda mtu mmoja shambani. Ukinisikiliza mimi, mwondoe."

Akamwondoa Alhamisi. Kulikuwa na makao ya wazee karibu na Kikambala, yaliyoanzishwa na masista, na waliokuwa humo wote walikuwa wamefukuzwa kwao kwa neno hilohilo, uchawi. Mzee Randu alibeba shuka mbili na jembe. Sista aliyempokea alimwambia kwa upole kwamba hapo hakuna shamba.

Miezi miwili baadaye Kadzo alirudi kijijini na kipimo cha presha alichoazima kazini. Kambi alimkaribisha vizuri, hata akamchekea. Nyumba imetulia, alisema. Kadzo akamfunga mkono, mashine ikanguruma. Mia moja tisini na nane kwa mia moja ishirini na mbili. Akapima tena. Ikawa vilevile.

"Kambi, ndugu yangu, twende hospitali leo hii. Hii ndiyo iliyomchukua Nyale."

"Aliyemchukua Nyale ulimwondoa mwenyewe," Kambi akasema, akishusha mkono wa shati. "Dawa ya nini tena?"

Alimbembeleza hadi adhuhuri. Akamwachia vidonge vya presha alivyopewa na daktari wa kazini kwake. Vilikutwa baadaye kwenye dirisha, havijafunguliwa. Kambi alifariki mwezi wa tano. Matangani watu walisema mzee ana mkono mrefu, kwamba hata huko aliko anafika. Kadzo alipofika, hakuna aliyemletea kiti.

Alikwenda Kikambala mwenyewe kumpa babake habari. Alimkuta amekaa barazani na wenzake, nywele zimerudi kuwa nyeupe. Aliposikia, mzee aliinuka, akaketi, akainuka tena.

"Kambi? Yule niliyembeba mabegani kumpeleka kuchanjwa? Nipeleke nikamzike."

"Tumeshamzika, baba. Na usingeweza kwenda."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

Mzee akatikisa kichwa. Mkononi mwake mlikuwa na kikombe cha uji, na alikishika kana kwamba amesahau ni cha nini.

"Na mimi?"

"Themanini na saba mwezi ujao."

"Mingi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Mingi mno, mwanangu."

Kadzo alikipokea kile kikombe kabla uji haujamwagika. Alikaa naye hadi kengele ya wageni ilipolia.