Taa za Evarist

Mtu wa kwanza kuombwa ushauri alimwambia Anatory apitishe mtaro juu ya bibi yake.

Hakutumia maneno hayo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Fundi Mushumbusi, mwenye duka la vifaa vya mtandao kule Hamugembe, alisimama uani kwao Kagondo, akaitazama nyumba kubwa yenye ruta sebuleni, akaitazama nyumba ndogo ya nyuma alimofundishia Anatory kwa mtandao, kisha akanyoosha kidole katikati ya migomba.

"Waya upite hapa. Siku moja tu, kazi imekwisha."

"Hapo amelala bibi yangu," Anatory akasema. "Na babu yuko pembeni yake."

"Mtaro wenyewe hauendi chini sana, kijana."

Mama yake, Agnetha, alikuwa barazani akimenya ndizi. Akaweka kisu chini. "Waitu fundi, kwenu mnawafukua wafu ili muongee na kompyuta?"

Habari za waya mpya zikaishia hapo. Mushumbusi akaleta ekstenda ya kusukuma mawimbi ya waifai. Jua likiwaka, mtandao ulifika. Mvua ikinyesha, na Bukoba mvua haipigi hodi, migomba ililowa chapa, majani yakaning'inia kama makoti mabichi, na mawimbi yakazama humo humo.

"Kata migomba ya katikati," fundi akashauri dukani kwake.

Migomba aliyoipanda marehemu baba! Anatory aliibwaga ekstenda juu ya meza ya duka kwa kishindo hadi wateja wakageuka. Mushumbusi alinuna, akainama chini ya meza, akatoka na jozi ya adapta.

"Nyumba zenu zote mbili ziko kwenye mita moja ya luku?"

"Moja."

"Basi jaribu hizi. Zikikataa na hizi, hamia mjini."

Hazikukataa. Moja aliichomeka kwenye soketi karibu na ruta, nyingine kwenye soketi ya chumba chake, na mtandao ukapita ndani ya nyaya za umeme zilizokuwepo tangu zamani, bila kumsumbua aliye hai wala aliyelala. Kila jioni Anatory aliwafundisha Kiswahili watu wa nchi za mbali, kupitia shule moja ya mtandaoni, na masika yote darasa halikukatika hata mara moja. Akatamba mtaa mzima. Aliyesema kijana wa Kagondo hawezi kufanya kazi na dunia akiwa nyuma ya migomba ya mama yake, na aje aone!

Kisha Novemba ikaja, na Evarist akaja nayo.

Evarist, kaka yake mkubwa, alifanya kazi Muleba, lakini msimu wa senene ulipoingia hakuna bosi aliyeweza kumshika. Alisimamisha mabati mapya nyuma ya nyumba ndogo, akapanga mapipa chini yake, akafunga juu taa kubwa zenye mwanga wa kuwafanya majogoo wa jirani wawike jioni. Wadudu hao watamu hufuata mwanga, hujigonga kwenye bati, huteleza hadi ndani ya pipa. Mwenye taa kali ndiye mwenye pipa lililojaa.

Wiki hiyo hiyo darasa likaanza kukatika. Sura za wanafunzi ziliganda midomo wazi, kisha zikatoweka. Nancy, msimamizi wake, akamwandikia: darasa likikatika tena leo, kundi hili atapewa mwalimu mwingine.

Anatory alipanda bodaboda hadi Hamugembe, adapta mkononi.

"Umeniuzia takataka!"

"Takataka ni nyaya za nyumba yenu," Mushumbusi akajibu bila kuinua macho. "Kuchimba mtaro ulikataa. Migomba ulikataa kukata. Sasa unataka nikuwekee mtandao kwa maombi?"

"Kila mnachojua ni kubomoa! Kaburi bomoa, shamba bomoa, ukoo bomoa! Na mtu akitaka kitu kifike kwake bila kubomoa, mnamwita mshamba!"

Alirudi nyumbani giza likianza kuingia. Akachomeka tena adapta yake, kisha akaenda sebuleni, akamkuta mama yake akiipiga redio kofi.

"Maawe, redio ina nini?"

"Ina shetani. Tangu kaka yako aje, ikifika matangazo ya vifo jioni inakoroma. Nasikia 'ukoo unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao', halafu grrr. Kafa nani? Sijui. Nitakosa mazishi ya mtu, niitwe mchawi."

"Asubuhi inakoroma?"

"Asubuhi iko safi kabisa."

"Na sasa hivi ilianza lini?"

Mama alielekeza kidevu dirishani. Kule nyuma, taa za Evarist zilikuwa zimewaka.

Anatory alitoka, akapita kando ya makaburi, akafika kwenye soketi ya baraza ya nyumba ndogo, akachomoa waya wa taa. Giza. Na kutoka sebuleni sauti ya mtangazaji ikasikika, safi kama ya mtu aliyekaa kibarazani.

"Nani kazima?" Evarist akanguruma kutoka kwenye mapipa.

"Mimi! Taa zako zinachafua umeme wa nyumba nzima. Darasa langu linakufa kwa ajili ya panzi!"

"Panzi?" Evarist alikuja mbio. "Mhaya gani wewe, unamwita senene panzi? Senene huja kwa msimu! Wazungu wako wapo mwaka mzima!"

"Hawatakuwepo kesho! Leo likikatika, nimefukuzwa!"

"Kufukuzwa kazi ya kusema a, e, i, o, u? Kalime."

"Kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba unayolala ukija hapa! Wewe unakuja na mabati yako, unachomeka unapotaka, hujauliza mtu, halafu mimi ndiye nionekane nyaya zangu zimeoza?"

Walikuwa wameshikana mashati mama alipofika.

"Evarist. Nani kafa?"

"Eh? Nitajuaje, maawe?"

"Na mimi sijui, kwa sababu yako. Jirani yetu Kahangwa ana mita yake, na hana taa za senene. Vuta waya wako uende kwake. Upande ule hajalala mtu. Pipa la kwanza mpe yeye."

"La kwanza, maawe?"

"La kwanza. Au niyang'oe mabati yako niezekee banda la kuku."

Hivyo mwishowe waya mpya ulivutwa, ila aliyeuvuta ni Evarist, akilaani hadi kwenye ua wa Kahangwa.

Darasa lilianza. Nancy alikuwamo, akitazama. Katikati ya sentensi dirisha likajaa mwanga, na Anatory akaganda, jicho kwenye kitaa cha kijani cha adapta. Hakikupepesa. Sura zote zilibaki, zikicheka na kuandika. Nje vishindo vidogo vikaanza kugonga bati, vikaongezeka.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akauliza, "huko kwenu mvua inanyesha?"

"Hiyo si mvua," Anatory akajibu. "Huyo ni kaka yangu."

Nancy akacheka. Akaandika pembeni: endelea na kundi lako.

Darasa lilipokwisha, mama aligonga mlango, redio kwapani. "Nimesikia vizuri. Kafa mzee Ishengoma wa Ngenge. Mazishi kesho. Utaenda na kaka yako."

"Na Evarist? Pikipiki moja?"

"Pikipiki moja," mama akasema. "Na anaendesha yeye."