Nimekulegea

Miguu ya Nakhisa ilikuwa baridi, na jua la saa nane lilikuwa kali pale barazani kwa shehe, mtaa wa Kisugu. Alikaa mwisho wa mkeka, kitambaa cha kwaya kichwani kwa sababu ndicho kirefu alichokuwa nacho, akimtazama mumewe Twaha aliyekuwa anakwepa macho yake. Mume, au aliyekuwa mume? Hilo ndilo lililowaleta.

Kisa chenyewe si kirefu. Twaha, fundi wa mageti huko Katwe, alimpa mkewe talaka kwa hasira za ugomvi. Talaka moja tu, ambayo mume anaweza kumrejea mke kabla eda haijaisha, kwa hiyo Nakhisa alikaa eda mle mle nyumbani, chumba chake peke yake. Kabla eda haijaisha, Twaha akagonga mlango na kusema neno moja: "Nimekulegea." Nakhisa akalia kwa furaha, akafungua. Kiswahili cha mumewe alikijua. Twaha alikiokota kwa ustadhi mmoja wa pwani ambaye harudi wala harejei, yeye huregea tu. Na ulimi wa Kiganda nao ukaipa R likizo. Kwa Twaha, kumlegea mtu ni kumrejea. Wakaishi tena mke na mume.

Sasa mama mkwe amempatia Twaha binti wa Kiislamu wa kuoa, na wazazi wa binti hawataki ukewenza, tena na Mkristo wa Bungoma. Ndipo Twaha, bila haya, akakikumbuka Kiswahili sanifu. Eti alisema amelegea, yaani moyo umelainika kidogo. Hakumrejea mtu. Eda imekwisha, ndoa hakuna.

Lo, yaani muda wote ule Nakhisa alilala na nani? Yeye anayesimama mbele ya kanisa kila Jumapili kuimba, aitwe hawara katika nyumba aliyoolewa.

"Shehe, huyu hapana wa dini yetu," mama mkwe alisema kwa Kiswahili chake cha soko la Owino. "Eda yake tunahesabu ya nini? Aludi kwao."

"Mama, huyu aliolewa kwa ndoa yetu. Haki ya mke haimuulizi anasali wapi," shehe alijibu bila kupandisha sauti. "Ila neno la kumrejea nalitaka. Kwa mafundisho tunayofuata hapa, kulala pamoja peke yake hakumrejeshi mke. Twaha, tuambie siku ile ilikuwaje."

Twaha akakohoa. "Mimi ile siku nimefunga kazi, nimelegea kutoka Katwe saa za magharibi, nimekuta yeye anapika..."

Nakhisa alilisikia neno lile. Asiposema sasa, basi tena. Lakini aseme vipi mbele ya watu hawa, katika dini isiyo yake, akikosea wamcheke? Mkono ukainuka wenyewe.

"Samahani, shehe. Muulize, kutoka Katwe alilegea namna gani?"

Shehe akamgeukia Twaha. "Ulifanyaje kutoka Katwe?"

"Nime... nimelegea. Nimekuja nyumbani."

Shehe akashusha pumzi. "Basi na yeye ulimrejea. Ni mkeo tangu siku ile hadi leo, na aliyemwita vingine atubu."

Nakhisa alilia mbele yao wote, na hakuona aibu. Hakuwa hawara. Alipojifuta kwa kile kitambaa cha kwaya alimwona Twaha anatabasamu, kama mtu aliyekwisha kusamehewa na anayejua usiku atapikiwa. Huyu huyu aliyekuwa radhi kumvua nguo hadharani kwa herufi moja. Hofu ikamtoka Nakhisa, na kilichobaki ni uchungu mtupu.

"Shehe, kwa hiyo mimi ni mke, na haki za mke ninazo?"

"Unazo zote, binti yangu."

"Basi nifundishe. Mke akitaka kuachwa, aanzie wapi?"