Usingizi Uliotoroka Chupani

Usiku wa jana niliota nimeitwa mahakamani, na hakimu ni lile jokofu letu la maabara. Anaunguruma, anatetemeka kidogo, kisha ananyamaza. Kazi yangu ni kupima damu za marehemu kutafuta dawa, kwa hiyo sikushangaa. Jokofu lile huwa halina haraka.

Mshtakiwa ni Sista Tusekile, yule anayelaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Wanasema aliiuza dawa ya usingizi, mama wa watu akapasuliwa akiwa macho mpaka moyo ukasimama. Na kweli kipimo changu hakikuona dawa katika damu yake. Nikisema tu "hamna", anakwenda jela.

"Kaka mkemia," ananiambia taratibu, "yule mama nilimlaza mwenyewe. Alikoroma."

Nataka kumjibu, sipewi nafasi. Mara mashine ya kupimia inaingia, imevaa tai, inaburuza pua yake sakafuni. Mashine hii hainywi damu. Huipasha moto ikanusa hewa iliyo juu yake, maana dawa yenyewe ni ya kuvuta puani na hupenda kupaa. Inanusa chupa ya damu ya yule mama mbele ya watu wote, inapiga chafya, inasema hakuna kitu. Watu wa nyuma wanaanza kuzomea. Naogopa vibaya mno.

Sisi maabara husema damu ndiyo shahidi, basi damu inapanda kizimbani ndani ya chupa yake. Inaapa kwa kugusa kizibo, kwa kuwa mikono haina. Naiuliza dawa iko wapi.

"Unaniuliza mimi niliyebaki," inasema. "Muulize aliyeondoka. Kule hospitali walinifungua kwanza wanipime malaria."

Jamani. Mtu kafia mezani kwa daktari wa upasuaji, bado anapimwa malaria. Nauliza waliifunga tena saa ngapi. Damu inasema walipomaliza chai, na dirisha lilikuwa wazi.

Ghafla mahakama ni chumba changu cha kulala, hakimu kasimama penye kabati. Huko darini kuna kitu hakionekani, kinanukia utamu, kinazunguka kama mgeni aliyekosa nyumba. Kinaniomba nikifungulie chupa kirudi. Sista Tusekile analia kimya kimya pembeni mwa kitanda.

"Sema," anaunguruma hakimu.

Nafungua mdomo, naamka.

Kumekucha, na kesi yenyewe ni leo. Chumba kinanukia utamu. Mke wangu, ambaye huamka kabla ya jogoo wa jirani, anakoroma chali. Nimemwita, nimemtikisa, nimemfinya. Anatabasamu tu. Paka naye yuko chini ya kitanda, miguu juu.

Nimefungua madirisha yote, nikampigia simu mwendesha mashtaka. Nikamwambia leo sitasema "hamna", kwa sababu ile chupa ilifunguliwa kupimwa malaria na dawa ikapaa.

 Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kakwambia?"