Muhogo au Mchicha

Muuguzi akikaa mtaani, mtaa mzima huugulia kwake. Faudhia alirudi nyumbani Mlandizi kutoka zamu ya hospitali, miguu imemvimba, akakuta benchi la kibarazani limejaa.

"Pole na kazi, dada," alisema jirani yake Zuwena. "Daktari kaniambia nina anemia. Ndo nini?"

"Damu yako pungufu. Kula maini na mboga za majani, na vidonge usiache."

Hamidu, jirani mwingine, naye aliambiwa ana haipatensheni. "Ni presha hiyo, kaka. Punguza chumvi, dawa umeze kila siku." Hakuna aliyewahi kumuuliza daktari mwenyewe. Huko hospitali wao huitikia "ndiyo" hata kwa wasichokielewa, kisha huja kummalizia Faudhia nguvu zilizobaki. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Majirani walipoondoka, mwisho wa benchi alibaki mzee Shomari, baba yake, aliyekuja kutoka Kisarawe kupimwa tumbo. Alikuwa amengoja zamu yake kama wengine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Majibu yangu yanasemaje?"

Majibu alikuwa nayo tangu asubuhi. Saratani ya ini, na imesambaa. Kilichobaki ni tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu tu, kuponya hakuna. Kaka yake Badru alikuwa amempigia simu akasisitiza mzee asijue, aambiwe vidonda vya tumbo. Ndivyo ukoo wao unavyofanya, mgonjwa huwa wa mwisho kujua.

"Ni vidonda vya tumbo, baba," alisema, na akaona aibu. Majirani kawapa ukweli bila kusita, baba yake mzazi kampa uongo.

Mzee alitazama mawingu. "Mvua hiyo inakuja, na shamba nimeshalilima. Muhogo unataka karibu mwaka mzima. Mchicha ni wiki chache tu, unachuma. Nipande nini, mwanangu?"

Faudhia alijua anaulizwa nini. Maneno ya hospitali alikuwa nayo tele, na hakuna hata moja lililomsaidia.

"Mchicha, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Haya. Ile mbegu ya muhogo mpe Badru." Kisha akajisogeza pembeni, akaligusa benchi kwa kiganja. "Njoo ukae na wewe. Umesimama tangu asubuhi."